Mizani Imegoma: Tafuta Kilichokukwamisha Kabla Hujapunguza Tena Chakula

Nilianza na kilo 82. Urefu wangu ni sentimita 160, na wakati ule nilikuwa na miaka 38. Miezi mitano baadaye nilikuwa na kilo 73, madera yananipwaya, majirani wananiuliza natumia nini. Kisha mizani ikasimama: 73, wiki iliyofuata 73.4, halafu 72.8, halafu 73 tena. Wiki saba nzima. Nikafanya kile ambacho wengi tunafanya. Nikaacha ugali, nikaacha chakula cha usiku, nikaongeza kukimbia. Wiki ya nane nilikuwa hoi, nawafokea watoto bila sababu, na mizani iko palepale.

Nilianza kujitibu kabla sijajua naumwa nini. Kukwama kuna vyanzo vingi, na dawa ya chanzo kimoja inaweza kukuzidishia kingine. Aliyekwama kwa sababu ya maji mwilini hana haja ya kugusa ugali wake. Aliyekwama kwa mafuta yaliyo kwenye sufuria hatatoka kwa kukimbia. Kwa hiyo nimepanga dalili hizi kuanzia zile za kawaida na rahisi kupima hadi zile za kumpelekea daktari. Ukifika kwenye dalili yako, shughulika nayo wiki tatu au nne kabla ya kwenda kwa nyingine. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo hutajua lipi lilikusaidia.

Dalili: mizani haijasogea wiki moja au mbili, au imepanda kilo nzima usiku mmoja

Hapo bado hujakwama. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori kama 7,700. Ili uiongeze kwa siku moja, ungelazimika kula kiasi hicho juu ya mahitaji yako ya siku. Hakuna aliyefanya hivyo kwenye chakula cha jana. Kilichopanda ni maji, pamoja na chakula ambacho bado kiko tumboni.

Maji hayo huja kwa njia nyingi. Ukila dagaa wa chumvi au chipsi usiku, asubuhi pete inabana. Wanawake wengi huongezeka kilo moja au mbili siku chache kabla ya hedhi, kisha zinaondoka zenyewe. Ukianza mazoezi mapya, misuli iliyochoka hushika maji wakati inajitengeneza, na hali hiyo yaweza kudumu wiki mbili au zaidi. Wanga nao una maji yake: mwili hutunza akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu yake hukaa na maji gramu kama tatu. Ndiyo maana mtu akianza dayati hushuka kilo mbili tatu wiki ya kwanza, na akila pilau ya harusini anapanda kilo moja na nusu kesho yake. Mafuta hayakuondoka kwa kasi ile, wala hayajarudi kwa kasi hii.

Cha kufanya: pima kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi ileile. Weka mizani kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia. Andika. Mwisho wa wiki jumlisha namba saba, gawanya kwa saba, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na wiki iliyopita. Kama unapata hedhi, linganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita. Halafu chukua futi kamba ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu kila Jumapili. Kiuno kikipungua sentimita mbili huku mizani imelala, unapungua mafuta, endelea na unachofanya. Vyote viwili vikisimama wiki nne, basi umekwama kweli, na yanayofuata yanakuhusu.

Dalili: "Mimi sili kitu, lakini sipungui"

Wifi yangu alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Alikuwa amekwama kwenye kilo 88 kwa miezi mitatu na alikuwa ameanza kuamini kuwa ana ugonjwa. "Wifi, mimi sili kitu," aliniambia, na kwa macho yangu niliona kweli. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha, mchana ugali wa kiganja na mboga nyingi, usiku mboga tena na tunda.

Siku ya tatu akaingia jikoni kupika mchicha. Akainua dumu la mafuta la lita 5 na kuanza kumimina moja kwa moja kwenye sufuria yenye vitunguu, kama sote tulivyofundishwa na mama zetu, kwa kukadiria kwa jicho.

"Wifi, hebu subiri," nikamwambia. "Mimina vilevile, lakini kwenye kikombe kwanza."

Akamimina. Tukachukua kijiko cha chakula tukayapima yale mafuta, kijiko kimoja kimoja, hadi kikombe kikabaki na utelezi tu. Vijiko tisa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, kwa hiyo sufuria ile ilikuwa na 1,080 kabla ya tui la nazi. Mezani tulikuwa wanne. Sisi watatu kila mmoja alikuwa na kama 216 ndani ya mboga yake, ila yeye, kwa kuwa amepunguza ugali, alipakua mboga mara mbili yetu. Ugali aliojinyima kwa uchungu haukuzidi kalori 250. Mafuta yaliyochukua nafasi yake yalikuwa zaidi ya 400.

Alikitazama kile kijiko kwa muda. "Kumbe nilikuwa nakula mafuta, si mchicha."

Nataka jambo hili lieleweke vizuri, maana watu waliokwama huitwa waongo, na wengi si waongo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu 10 waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Walipimwa siku 14 kwa njia isiyotegemea maneno yao. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida. Walichokula kwa kweli kilikuwa karibu mara mbili ya walichoandika: walipunguza hesabu ya chakula kwa asilimia 47, na wakazidisha ya mazoezi kwa asilimia 51. Jicho la binadamu halijui kupima chakula, hata liwe aminifu namna gani.

Mafuta ndiyo mtuhumiwa wa kwanza katika jikoni zetu. Yawe ya alizeti, ya nazi, ya mawese au ya zeituni, hesabu ni ileile. Mafuta mazuri kwa moyo si mafuta yasiyo na kalori. Baada yake kuna sukari ya chai: vikombe vitatu, vijiko vitatu vya chai kila kimoja, ni kalori zinazokaribia 145 kwa siku, na kwa mwezi zinapita uzito wa nusu kilo ya mafuta. Karanga za mkononi, gramu 30 tu, ni 170. Soda ya mililita 300 ni kama 130. Juisi ya embe ya nyumbani ni maembe matatu yaliyonyweka kwa dakika mbili. Halafu kuna vile vinavyoliwa wima: kuonja mchuzi mara nne, kukwangua ukoko, kumalizia makombo ya watoto ili yasitupwe.

Kwa siku saba usibadilishe unachokula. Pima tu na uandike kabla hujala, si usiku kwa kukumbuka. Nunua kijiko kimoja kiwe cha mafuta peke yake na ukifunge kamba kwenye dumu. Kisha shusha: kijiko kimoja kwa mboga ya watu wawili kinatosha kabisa kuungia, ukianza na kitunguu, nyanya na maji kidogo. Samaki chukuchuku au wa kuchoma badala ya wa kukaanga. Ukipenda nazi, tumia tui la pili, lile jepesi, na uache tui zito kwa siku ya wageni. Wifi yangu hakubadilisha kitu kingine chochote kwa mwezi wa kwanza, na alianza kushuka.

Dalili: siku za kazi umejidhibiti, Jumatatu asubuhi uzito umerudi

Hili ndilo lililonikamata mimi. Chukua hesabu ya mtu anayekula pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 400, Jumatatu hadi Ijumaa. Amejikusanyia upungufu wa 2,000. Jumamosi kuna shughuli, Jumapili ndugu wamekuja mchana, na kila siku anazidisha 900. Hizo ni 1,800. Kwa wiki nzima amebaki na upungufu wa 200, sawa na mafuta ya gramu 26. Hakuna mizani ya nyumbani itakayoonyesha gramu 26. Huyu mtu ameishi kwa kujinyima siku tano, na haki yake imeliwa siku mbili.

Sikuambii usiende shughulini. Kula kabla hujatoka: mayai mawili na kachumbari, ili usifike ukumbini na njaa ya tangu asubuhi. Chagua kimoja, pilau au vitafunwa, soda au keki. Na kama Jumamosi zako zote zina shughuli, punguza upungufu wa siku za kazi ziwe za kuvumilika. Anayejibana sana Jumatano ndiye anayelipuka Jumamosi.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu hiyohiyo kwa siku moja. Mtu amefunga saa kumi na tatu, na futari yake ni uji wa sukari, kaimati zilizochovywa kwenye shira, sambusa, magimbi ya nazi, kisha chakula cha usiku na daku. Funga imetimia, lakini uzito umepanda. Tende, supu, protini na kitu kimoja tu cha kukaanga kwa siku hubadilisha mambo.

Dalili: unakula vilevile kama ulipokuwa unapungua, ila sasa haishuki

Mwili mdogo unatumia nishati kidogo, kama pikipiki ikilinganishwa na lori. Kuna kanuni iliyotolewa mwaka 1990, inayoitwa ya Mifflin na St Jeor, ya kukadiria kalori unazotumia ukiwa umelala tu. Zidisha kilo zako kwa 10, sentimita zako kwa 6.25, jumlisha, toa miaka yako mara 5, mwanamke atoe 161, mwanamume aongeze 5. Mimi nilipokuwa na kilo 82 nilipata 1,469. Kwa kilo 73 nikapata 1,379. Ukizidisha kwa 1.4 kwa mtu wa shughuli za kawaida, ni 2,057 kwa 1,931.

Nilikuwa nakula kama 1,600. Mwanzoni upungufu wangu ulikuwa 450 na kitu. Kwenye kilo 73 ulibaki 330. Kisha mwili wenyewe hubana matumizi kidogo zaidi ya ukubwa wake unavyodai, tuseme 100 hivi. Halafu nikafungua hesabu ya hatua kwenye simu, na hapo nikapata jibu nililokuwa silitaki: kutoka hatua 9,000 kwa siku nilikuwa nimeshuka hadi 5,500. Sikuamua. Nilichoka tu, nikaanza kupanda bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, nikaanza kumtuma mtoto dukani. Hatua 3,500 ni kama kilomita mbili na nusu, na kwa uzito wangu ni kalori 100 nyingine. Jumlisha vyote, umebaki na 130 kwa siku, na Jumamosi moja inazimeza.

Kwa hiyo piga hesabu upya kila unapopungua kilo tano. Rudisha hatua kabla hujapunguza chakula. Kwangu ilikuwa ni kuacha bodaboda ya jioni. Ukilazimika kupunguza chakula, punguza 150 au 200 kwa siku, si zaidi. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 bila kusimamiwa na daktari au mtaalamu wa lishe, na anayenyonyesha au mjamzito asiifuate hesabu hii kabisa.

Dalili: mazoezi kila siku, mizani palepale

Kutembea kilomita tano kwa mtu wa kilo 75 ni kalori kama 250. Andazi moja na chai ya maziwa yenye sukari vinazirudisha, na vinaliwa kwa moyo mweupe kwa sababu "leo nimetembea". Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Wengi tunashika la kwanza na kuliacha la pili.

La pili ndilo linalolinda msuli. Nisikudanganye kama wanavyosema wengine jimu, kwamba msuli unachoma mafuta ukiwa umelala: kilo moja ya msuli iliyotulia hutumia kalori kama 13 tu kwa siku. Faida yake ni kwamba unapopungua, kinachoondoka kiwe mafuta na siyo mapaja ya kukupandisha ngazi.

Huhitaji jimu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 5 ni dambeli unayoweza kuiongezea uzito kwa kikombe. Siku tatu kwa wiki, zilizoachana:

- Kaa kwenye kiti na usimame ukiwa umekumbatia dumu.
- Inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta dumu kutoka chini hadi ubavuni, mkono mmoja kisha mwingine.
- Piga pushapu ukutani, ukizoea, kwenye kingo za kitanda, ukizoea, sakafuni.
- Lala chali, magoti juu, inua nyonga uzishikilie sekunde mbili.

Kila moja mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Mara 12 zikiwa nyepesi, ongeza maji kwenye dumu. Hapa ndipo wengi wanapokwama na mazoezi: mwaka mzima dumu lilelile, mwendo uleule.

Dalili: umekata sana, una njaa, baridi na hasira

Inasemwa kwamba ukila kidogo mno mwili "unafunga" na hupungui kabisa. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwaweka wanaume 36 waliojitolea kwenye nusu njaa kwa wiki 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Kwa hiyo mwili haufungi. Lakini walivimba miguu kwa maji, walihisi baridi, walikuwa wazito wa kutembea, na chakula kikawa ndiyo fikra yao mchana kutwa. Ukijitazama vizuri utawaona: maji yanaficha kilichopungua, mwili hautaki kusogea, na usiku wa Ijumaa sufuria inaliwa mpaka chini.

Aliye hapa namwambia aongeze chakula. Kwa wiki mbili kula kiasi cha kutosheleza uzito wako wa sasa, usiongeze wala kupunguza, huku ukiendelea kupima. Mizani itapanda kidogo kwa maji ya wanga, iache. Ukirudi kwenye upungufu, uwe mdogo, na protini iwe ya kutosha: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, ambapo daktari ndiye wa kukupangia. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki au kuku cha ukubwa wa kiganja karibu 25. Dagaa wakavu na maharage ndiyo protini ya bei nafuu tuliyo nayo, na ndiyo inayokufikisha usiku bila kuota vitumbua.

Angalia na usingizi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalisha watu 10 chakula pungufu kwa siku 14, mara moja wakiwa na saa 8.5 za kulala na mara nyingine saa 5.5. Uzito ulioshuka ulikuwa karibu sawa, lakini kwenye usingizi mfupi mafuta yaliyoondoka yalikuwa pungufu kwa asilimia 55. Kilichobaki kilitoka kwenye misuli na kwingineko. Hakuna uji wa lishe utakaofidia kulala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja.

Dalili: umepima kila kitu kwa uaminifu wiki sita, na bado

Sasa nenda hospitali, na usione aibu. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole huleta uchovu, baridi, kukosa choo na ngozi kavu. Hedhi inayopotea miezi, chunusi na ndevu kwa mwanamke huweza kuashiria tatizo la homoni kwenye ovari. Zipo pia dawa zinazoongeza uzito kwa baadhi ya watu: prednisolone, insulini na glibenclamide za kisukari, amitriptyline, olanzapine, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na dolutegravir iliyomo kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nakuomba kwa moyo wote usiache hata moja kwa ajili ya kilo. Mwambie daktari anayekupa, mara nyingi kuna namna ya kurekebisha. Ukivimba miguu, ukikosa pumzi, au tumbo likikua huku mikono inakonda, nenda leo.

Beba daftari lako la mizani na kiuno, na orodha ya kila kitu unachomeza. Nasisitiza kila kitu, kwa sababu zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kila kona nyingi ni majani ya sanamaki, ambayo huharisha. Kinachopungua hapo ni maji na choo, na ukizinywa muda mrefu unapoteza potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Daktari hatakuuliza habari za majani ya chai. Mwambie wewe, na kama paketi bado ipo, ichukue.